Kamera ya Jicho Moja

Mtu akitaka kujua Protus Makokha alikuwa mtu wa namna gani, asiwaulize wale aliowapiga picha, maana hao watamwambia tu kwamba alikuwa akichelewesha kazi. Aniulize mimi. Mimi Abdulfatah, fundi wa nguo, mtu wa Ekero, nilikaa naye ukuta mmoja mjini Kakamega, nyuma ya soko, miaka yote ambayo studio yake ilikuwa wazi. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao. Nilisikia kila alichosema, na yeye alisikia cherehani yangu, na hakuna aliyemlalamikia mwenzake ila mimi.

Alikuwa Mbukusu wa upande wa Webuye, mrefu, mpole kupita kiasi. Upole huo ulinikera. Mteja akikataa picha kwa sababu hakuipenda pua yake, Protus alimpiga tena bure, nami upande wa pili wa mbao nikisonya kwa nguvu ili asikie. Lakini kazi aliijua. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, akizisafisha mwenyewe ndani ya kijichumba chenye taa nyekundu. Hadi leo nikiingia nyumba ya mtu huko Butali, nikaona ukutani mzee aliyeketi wima na mikono juu ya magoti, najua ni nani aliyempiga.

Kamera yake ilikuwa Yashica ya macho mawili. Jicho la juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga. Unaiweka kifuani, unainamisha kichwa na kuchungulia kioo kwa juu, kama mtu anayeangalia ndani ya sufuria. Watu waliipenda kwa hilo. Walihisi mpiga picha anawainamia kwa heshima, hasa kwenye matanga. Picha moja ikiisha, unazungusha kijimkono ubavuni, filamu inasogea na shata, kile kilango cha ndani kinachofunguka kupiga, inajikaza papo hapo, kwa tendo lile lile. Kamera hiyo haikukubali picha mbili zikae mahali pamoja, hata kama mpigaji amelewa.

Mkewe aliitwa Nekoye, na walikuwa na watoto mapacha wa kiume, Mukhwana na Mulongo, kama Wabukusu wanavyowaita mapacha siku zote, wa kwanza na wa pili. Walifanana kabisa. Mimi niliyewashonea nguo tangu kuzaliwa niliwatofautisha kwa kuwauliza. Mtaani Nekoye alikuwa Mama Mukhwana, kwa jina la yule aliyetangulia kutoka, na aliitika jina hilo kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Hawakuwahi kupigwa picha. Najua watu wataona natia chumvi, watoto wa mpiga picha wasiwe na picha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kukhu yao, yaani mama yake Protus, alikuja kutoka Webuye wakiwa bado wa kubebwa mgongoni, akaingia studio, akaiona ile Yashica juu ya miguu yake mitatu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akawafunika wajukuu shuka.

"Macho mawili, watoto wawili," akasema. "Kila jicho litachukua lake."

Protus alicheka, lakini hakuwapiga. Alisema atangoja mama yake azoee. Nikamwambia awapige tu, kukhu yuko Webuye, atajuaje? Akanijibu, "Fundi, ni mama yangu." Basi akangoja, mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine, huku akipiga harusi za watu, vipaimara vya watu, majeneza ya watu. Nilimwona mjinga wakati huo na sijabadilisha mawazo.

Masika ya mwaka wa tisini na nne Mukhwana akashikwa na malaria. Alikuwa na miaka minne. Alipelekwa hospitali jioni akiwa na joto kali, na kabla ya jioni ya pili alikuwa hayupo. Walimzika Webuye. Protus hakubeba kamera, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza mbona hakubeba. Mulongo hakupelekwa kwenye maziko. Aliachwa kwangu, kwa mke wangu Khadija, akicheza na vibobini vyangu vya nyuzi chini ya meza. Kukhu alikuwa ametoa amri: pacha hamlilii pacha mwenzake, wala asiambiwe, maana akijua njia ataifuata. Aambiwe tu mwenzake ameenda kwa wajomba. Sote tukamwambia hivyo. Mimi pia nilimwambia, na mtoto akaitikia kwa kichwa na kuendelea na vibobini.

Waliporudi, watu hawakujua wamwite Nekoye nani. Mama Mukhwana lilikuwa limewageukia sumu mdomoni. Wakaanza kumwita Mama Mulongo. Aliitika, ila alichelewa kidogo kila mara, kama mtu anayeitiwa jina la jirani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akawa mtu wa kukaa. Alikuwa akija studio mchana, anaketi kwenye benchi la wateja, anatazama picha za watu zilizobandikwa ukutani, harusi na mahafali na watoto wa watu, kisha anaondoka. Siku moja nilimsikia kupitia mbao.

"Nimeanza kusahau uso wake," alimwambia Protus.

"Si unamuona Mulongo kila siku."

"Ndiyo maana nasahau. Nikimkumbuka, naona Mulongo."

Nilisikia Protus akiingia kwenye kijichumba cha taa nyekundu. Na mimi niliacha kukanyaga cherehani, sikujua nifanye nini na miguu yangu.

Muda si mrefu Yashica nayo ikafa. Haikuwa na kosa, ilikuwa imechoka. Meno ya ndani ya kile kijimkono yalikuwa yameliwa na miaka mingi ya kazi na vumbi la barabara ya Mumias, kikawa kinazunguka bure. Fundi wa saa aliifungua, akaitazama, akaifunga. Ikawa lazima Protus atafute kamera nyingine upesi, kwa sababu mjini zilikuwa zimefunguliwa studio za rangi, zenye mashine ya kutoa picha ukingali unakunywa chai, na kila kijana alikuwa na kamera ndogo ya filamu nyembamba. Ili mtu kama Protus aishi, ilibidi awe na filamu ile pana, ile inayotoa picha kubwa ambayo unaweza kuhesabu nyuzi za shela ya bibi harusi. Hapo tu ndipo wale vijana walipomwogopa.

Zikapatikana mbili. Ya kwanza ilikuwa Yashica nyingine ya macho mawili, ya Mzee Kibiwott, aliyewahi kupiga picha za serikali akastaafu kwenda kulima mahindi Lugari. Ilikuwa safi ajabu, ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ya pili ilikuwa Mamiya, dude kubwa lililoachwa na mzungu mmoja wa misheni aliyerudi kwao, na dereva wake, Barnaba, ndiye aliyekuwa akiliuza. Wote wawili walimwamini Protus, wakamwachia azijaribu. Akaziweka juu ya meza yangu ya kukatia, maana yake ilikuwa imejaa sinia za dawa za kusafishia picha, akaniita nitoe maoni.

Maoni ninayo siku zote. Nikamwambia hata kipofu angechagua. Ile ya Mzee Kibiwott unaning'iniza shingoni unatembea nayo kutoka kanisani hadi kwa bwana harusi, na hata kwenye shamba la miwa. Inatoa picha kumi na mbili kwa filamu moja, na mikono yake tayari inaijua. Ile ya Barnaba ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Ilitoa kumi tu. Ilitaka miguu mitatu kila mahali, ilikuwa na mfuko wa kukunjika mbele kama kinanda cha mkono, na ikipiga ililia "kwap" hata cherehani yangu ikatetemeka.

"Lakini angalia hii," Protus akasema. Alikuwa hajafurahia kitu tangu Aprili, sasa alikuwa akinionyesha kama mtoto. "Hii iko na jicho moja. Ile unaona ndiyo ile inapiga. Kwa ile ya macho mawili ukikaribia mtu unaweza mkata kichwa, juu inaona, chini haioni. Hapa hapana. Na mgongo wake unageuka. Picha ya kusimama, picha ya kulala, kamera haisongi. Na hii lenzi inatoka, unaweka ingine."

"Na utaibeba na punda?"

Akacheka kidogo. Siku hiyo alikuwa bado hajaamua. Nadhani alikuwa akiegemea upande wangu. Alisema atajaribu filamu moja kwa kila kamera, atazame, kisha arudishe moja.

Hapo ndipo mikono yake ilipomkosesha. Kwenye ile Mamiya ya zamani, kukaza shata ni mkono mmoja ubavuni, na kusogeza filamu ni mkono mwingine nyuma, na hakuna unaomsubiri mwenzake. Protus alikuwa na mazoea ya miaka kumi na mitano ya tendo moja. Akamkalisha Barnaba mbele ya kitambaa cheusi, kipande cha buibui nilichompa mimi, upande wa kushoto wa benchi. Akapiga. Akakaza shata. Akamwambia asogee kulia, apate taa vizuri. Akapiga tena. Filamu hakuisogeza.

Picha ilipotoka alikuja nayo kwangu ikiwa bado na maji. Barnaba alikuwa ameketi kando ya Barnaba. Mmoja kushoto, mmoja kulia, benchi moja, wote wawili wazima, wote wawili na shati lile lile lililokosa kifungo, na giza la buibui katikati yao. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nikamwambia ampelekee mke wa Barnaba, achague.

Nekoye alikuwa mlangoni. Hatukuwa tumemwona. Aliichukua ile picha mkononi mwa mumewe, akaipeleka dirishani, akakaa nayo huko.

"Hii kitu inawezanga kufanya hivi na mtoto?" akauliza.

Protus akasema ni makosa, alisahau kusogeza filamu.

"Sijauliza kama ni makosa. Nimeuliza kama inaweza."

"Inaweza."

"Na ile ya mzee?"

"Ile haiwezi. Ukizungusha imesonga."

Akarudisha picha mezani taratibu. "Basi nunua hii," akasema. "Hii iko na jicho moja. Haina ya kuchukua mwingine."

Protus alijaribu kukataa, nampa haki yake. Alimwambia hiyo haitakuwa picha ya Mukhwana, itakuwa Mulongo mara mbili. Itakuwa uongo. Nekoye akamtazama, akamjibu kwa sauti ya chini sana kwamba miaka minne yeye Nekoye alikuwa akimwomba picha ya kweli, na Protus akimwambia angoje mama azoee. Mimi nilijifanya natafuta mkasi. Kesho yake Protus aliipeleka ile Yashica Lugari mwenyewe, akamshukuru Mzee Kibiwott, akarudi mikono mitupu. Sikumwambia neno. Nilikuwa nayo mengi, nikauma ulimi.

Nilishona kaptula mbili na mashati mawili. Nekoye alitaka moja la mistari, kwa sababu Mukhwana alipenda mistari, na moja jeupe. Vipimo vilikuwa vya mtoto mmoja. Katika kazi yangu nimeshona sanda na nimeshona nguo za maharusi, lakini lile shati la mistari ndilo lililonitoa jasho. Kola yake niliishona na kuifumua mara tatu.

Walimpiga picha siku ya Jumamosi asubuhi. Niliitwa kushika pembe ya kitambaa kilichokuwa kikilegea. Mulongo alivaa jeupe, akaketi kulia. Baba yake akainama, akapiga, ikalia kwap. Kioo cha kuchungulia kwenye kamera ile hubaki giza baada ya kila picha hadi ukaze tena, na Protus alibaki ameinama juu ya giza hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nekoye akamvua mtoto shati jeupe, akamvika la mistari, akamketisha kushoto.

"Kaa vile Mukhwana alikuwanga anakaa," akamwambia.

Na mtoto akakaa. Wallahi sijui alijuaje. Mulongo alikuwa mtoto wa kuketi mguu juu ya mguu, akizubaa. Aliposikia vile alishusha miguu, akaweka viganja chini ya mapaja, akainua kidevu, akafinya jicho moja dhidi ya taa, na pale kwenye benchi alikuwa ameketi Mukhwana niliyemjua. Nekoye akaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Protus akapiga. Nilitoka nje bila kuaga, kitambaa changu kikaanguka nyuma yangu.

Picha ilikuwa nzuri. Nasema kwa uchungu, ila ilikuwa picha bora aliyowahi kupiga. Waliitundika sebuleni. Nekoye akaanza kuzungumza tena. Wageni waliingia, wakaitazama, na taratibu jina likarudi, Mama Mukhwana, naye akaliitika bila kuchelewa. Khadija alisema Mungu ana njia zake. Mimi niliona yule kijana mdogo akipita mlangoni siku moja kwa shati jeupe na siku nyingine kwa lile la mistari, na siku za mistari mama yake alimkatia kipande kikubwa zaidi cha nyama ya ingokho, yaani kuku. Niliona, nikanyamaza. Si kawaida yangu kunyamaza.

Kuhusu kazi, ilienda kama nilivyosema. Dude lile halikuweza kutembea. Watu wa Butali walimwita kwenye harusi, akafika na boda ya baiskeli na begi zito, na alipomaliza kuisimamisha ile miguu mitatu bibi harusi alikuwa ameshaingia ndani. Vijana wa kamera ndogo walimzunguka wakipiga kila kitu. Akabaki na picha ndogo za vitambulisho, na kamera ya kupiga mabwana wakubwa akiitumia kupiga watoto wa shule. Mwaka wa tisini na sita alikuwa tayari ameanza kuulizia kazi kwenye kiwanda cha sukari.

Mwaka huo huo ndipo Mulongo alipotakiwa kuanza shule, na shule ilitaka picha ndogo. Mama yake alimleta asubuhi akiwa na sare mpya niliyomshonea, akakaa naye kwenye benchi la wateja. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeenda kuomba kiberiti.

Protus alimketisha kwenye kigoda. Mtoto akaketi pembeni, nusu ya kigoda ikabaki tupu.

"Songa katikati, papa," baba yake akambembeleza kwa Kibukusu, akimwita baba.

Hakusonga. Protus akaona ni ukaidi wa mtoto, akageuza kamera kidogo, akapiga hivyo hivyo, akasogeza filamu, maana sasa mikono ilikuwa imejifunza. Alipoinua kichwa, Mulongo alikuwa ameshuka. Alizunguka kigoda kwa nyuma, akaketi upande wa pili. Akaweka viganja chini ya mapaja. Akainua kidevu, akafinya jicho, akangoja.

Nilimwona Protus amebaki na mkono kwenye kamera, akimtazama mkewe, na mkewe akitazama sakafu. Kisha yule mtu mpole, ambaye hakuwahi kumkatalia mteja wala mama yake wala mkewe, alitoka nyuma ya kamera, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mulongo," akasema. "Mukhwana hakuenda kwa wajomba. Mukhwana alikufa. Hakuna mwingine wa kupigwa."

Nilitegemea mtoto alie. Nilitegemea Nekoye apige yowe. Mulongo alimtazama baba yake kwa lile jicho lililofinywa, bila kubadilisha sura, kama mtu anayeogopa kuharibu picha.

"Najua," akasema kwa sauti ndogo, ili mama yake pale kwenye benchi asisikie. "Piga tu. Mama anampenda huyu."